Luther Burbank, mutu aliyetafuta rangi mu maua

Mwaka 1875, ku upande wa mashariki ya Marekani, kijana mumoja wa miaka 26 aliuza kiazi. Hakuuza kiloba cha viazi vya kupika. Aliuza aina yenyewe ya kile kiazi, na haki yote ya kukizalisha na kukifanyia biashara. Mununuzi alimulipa dola 150, akamuachia viazi 10 vya kwenda navyo safari. Leo ndugu wa kile kiazi, mwenye ganda la kahawia, njo analimwa Marekani kupita viazi vingine vyote, na fabrika za chipsi zinamukata kila siku kwa matani. Yule kijana aliitwa Luther Burbank. Juu ya kile kiazi hakupata tena hata franga moja.

Kama ingekuwa habari ya kiazi peke yake, tungeimaliza hapa. Lakini kazi kubwa ya Burbank nyuma ya pale ilikuwa maua, matunda na majani: kuyageuza sura, na zaidi kuyageuza rangi. Mama anayepanda maua mbele ya nyumba anaona leo rangi ambazo mababu hawakuziona ku ile maua. Zile rangi hazikujileta. Kuna watu walizifuata mwaka kwa mwaka, sawa vile mutu anafuata mushipa wa malakiti mu jiwe: unaanza mwembamba kama uzi, na anayeujua anachimba paka pale.

Burbank alizaliwa tarehe 7 Machi 1849 mu Lancaster, jimbo la Massachusetts, mutoto wa 13 wa baba mwenye wake watatu, mumoja nyuma ya kufa kwa mwingine. Baba alikuwa mulimaji, tena alichoma matofali. Kijana alisoma masomo ya kwao, hakufika ku iniversite. Akafanya kazi mu kiwanda cha plau ku Worcester, kazi ya mashine. Nyuma ya kifo cha baba, fungu lake la urizi likamutosha kununua shamba dogo pale Lunenburg, hekta 7 hivi, akaanza kulima mboga za kuuza ku soko.

Mu ile miaka alisoma kitabu cha Muingereza Darwin kilichotoka mwaka 1868, kinachoeleza namna wanyama na mimea ya mukononi mwa watu inavyobadilika. Kitabu kikubwa, kizito, wengine wanakichoka mbele ya nusu. Burbank alikisoma kama mutu anayesoma ramani ya mugodi. Alishika neno moja: mimea haisimami pahali pamoja, na mutu anaweza kuisukuma upande anaotaka.

Sasa tuone kiazi. Mutu akipanda kipande cha kiazi, anapata kiazi sawa na mama yake, hakuna ajabu. Lakini mara moja moja ua la kiazi linazaa kitunda kidogo kama nyanya bichi, na ndani mwake muna mbegu za kweli. Kila mbegu ile ni mutoto wake peke yake, hafanani sana na wandugu zake. Burbank aliona kitunda kimoja ku aina ya kiazi iliyoitwa Early Rose, na ile aina kuzaa kitunda ni jambo la nadra. Akakingoja kiive. Siku aliyorudia, kitunda hakipo! Akapiga magoti mu udongo, akatafuta siku nyingine tena, mwisho akakiokota pembeni kidogo ya pale. Ndani mulikuwa mbegu 23. Akazipanda zote 23, zote zikaota. Mingi yake haikuwa na faida. Moja ikazaa viazi vikubwa, vyeupe, vingi kwa shina moja. Njo kile alichouzia Gregory, muuza mbegu wa Marblehead, kwa zile dola 150.

Tusimulaumu haraka kijana. Alikuwa na madeni, na hakukuwa sheria yoyote ya kumulinda. Mutu aliyevumbua mashine aliweza kwenda ku serikali, akaandikiwa hati, na aliyemwiga akashitakiwa. Lakini aliyetoa kiazi kipya ao ua jipya, siku aliyouza kile cha kwanza alikuwa ameuza vyote, kwa sababu mununuzi alikipanda, nyuma ya mwaka anacho mia. Wachimbaji wanaelewa vile: mwenye kuona jiwe ni mumoja, mwenye kupima ku depo ni mwingine, na bei inatoka ku mwenye mizani.

Sehemu kubwa ya ile feza ilienda ku tikiti ya gari la moshi. Burbank akavuka Marekani yote mupaka California, pahali wandugu zake wamoja walikuwa wamekwisha kufika, akashuka ku muji mudogo wa Santa Rosa. Udongo muzuri, baridi kidogo, mvua ya kutosha. Kazi, hapana. Alifanya kibarua huku na kule, na yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kuna wakati alilala mu nyumba ya kuku, akagonjwa sana, na jirani mumoja akamuletea maziwa kila siku. Polepole akapata kiwanja, akafungua shamba la miche. Mama yake na dada yake wakamufuata.

Jina lake lilitoka mwaka 1881. Tajiri mumoja wa Petaluma, Warren Dutton, alitaka miti 20.000 ya pruni, tayari ya kupandwa, mbele ya mwaka kuisha. Kila muuza miche alimuambia haiwezekani, miti ile inaomba miaka miwili ao mitatu. Burbank akakubali. Alijua kwamba mbegu ya lozi inaota mbio kupita pruni. Akapanda lozi kwa maelfu, akaita wafanyakazi, na mu mwezi wa 6 na wa 7 wakakata macho ya pruni na kuyabandika ku mashina ya lozi, moja moja, kwa kisu. Jicho liliposhika, walivunja kichwa cha lozi bila kukitenga na shina, ili nguvu yote iende ku pruni. Tarehe 1 Desemba alikuwa na miti 19.500 tayari. Dutton alilipa. Tangu ile siku watu wa California walisema Burbank ni mulozi wa mimea, na lile jina la uchawi lilimufuata mupaka kufa. Ajabu, maana mule ndani hamukuwa uchawi. Mulikuwa hesabu ya miezi, na mikono mingi ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kwa feza ya biashara hii, mwaka 1885 alinunua shamba la pili ku Sebastopol, karibu na Santa Rosa, na akaanza kuacha kuuza miche ya kawaida. Alitaka kutoa vitu vipya.

Namna yake ya kazi si ngumu kueleza, ni ngumu kuvumilia. Ua liko na upande wa kiume, unaotoa vumbi, na upande wa kike, unaopokea. Burbank alichukua vumbi la ua moja mu kisahani cha kioo. Akakata sehemu za kiume za ua la pili mbele hazijaiva, ili lisijizalishe lenyewe, kisha akapaka lile vumbi ku sehemu ya kike kwa ncha ya kidole. Mbegu zitakazotoka ni za baba huyu na mama yule. Ile njo hatua ya kwanza tu. Akazipanda kwa maelfu, akatembea mu mistari, akatazama. Alikuwa na jicho la ajabu: mu mistari ya maelfu ya miche, alisimama pa mumoja, akafunga kitambaa cheupe, akaendelea. Wenye vitambaa walibaki. Wengine wote waling'olewa na kuchomwa. Kitabu chake cha bei cha mwaka 1893 kinaeleza moto mumoja ulioteketeza vichaka 65.000 vya matunda, vya miaka miwili na mitatu. Kwa yule aliyechagua mawe kwa mukono, rundo kubwa la kutupa na rundo dogo la kuuza, hesabu hii haishangazi.

Tuchukue mufano wa tunda moja la mwiba lililo jeusi, Wafaransa wanaliita mûre. Burbank alitaka lile tunda liwe jeupe. Alikuwa na kichaka kimoja chenye tunda la rangi hafifu, jeupe-kahawia, bila utamu. Akakichanganya na kichaka cha tunda jeusi, kubwa, tamu. Watoto wakatoka wote weusi. Mutu mwingine angesema kazi imekufa. Yeye akaacha wale weusi wazaane wenyewe kwa wenyewe, na mu wajukuu rangi nyeupe ikarudi ku vichaka kazaa, safari hii pamoja na ukubwa na utamu. Mwaka 1894 akaliuzisha kwa jina la Iceberg, ni kusema mulima wa barafu. Lilikuwa jeupe sana, hata mbegu zilionekana ndani.

Ile kanuni, rangi kujificha ku watoto na kurudi ku wajukuu, padri mumoja wa Austria, Mendel, alikuwa ameiandika mwaka 1866 juu ya njegere, lakini wenye elimu waliisahau mupaka mwaka 1900. Burbank hakuijua. Alifika pale kwa miguu, kwa kupanda na kutazama. Rangi nyeupe mara nyingi si rangi: ni ukosefu wa rangi. Mutoto akirizi rangi toka ku muzazi mumoja tu, inatosha, tunda litakuwa jeusi. Ili liwe jeupe inafaa ukosefu utoke pande zote mbili. Njo sababu wajukuu weupe ni wachache, na njo sababu mwenye haraka hawaoni kamwe.

Ua lake lenye sifa kubwa ni aina ya margerite inayoitwa Shasta. Huko kwao Massachusetts margerite ya mwitu ilijaa mu mashamba, walimaji waliichukia kama majani mabaya. Burbank aliipenda. Aliichanganya na margerite kubwa za Ulaya, akapata maua makubwa, lakini weupe wao haukumutosheleza. Kwake ulikuwa weupe wa nguo iliyofuliwa vibaya. Akatafuta ua la tatu, toka Japani, dogo lakini jeupe kabisa, akalitia mu damu. Kazi ilimuchukua miaka 17 hivi, na mu mwaka 1901 akalitoa ku watu. Akalipa jina la mulima Shasta wa California, unaobeba teluji ku kichwa. Lile ua leo liko mu bustani za inchi nyingi, na watu mingi wanaolikata kwa ajili ya arusi hawajui kwamba mbele ya 1901 halikuwako.

Lakini mimi ninaona kazi yake nzuri kupita zote ni ua la popi la California. Lile ni ua la mwitu, rangi yake ni ya machungwa na zahabu, linafunika vilima vizima wakati wa masika. Siku moja Burbank aliona ua moja lenye uzi mwekundu mwembamba ku jani lake moja. Uzi tu! Pale hakuchanganya kitu. Aliweka mbegu za lile ua peke yake, akazipanda mbali na zingine. Mwaka uliofuata akachagua lile lenye uzi mupana kidogo. Mwaka mwingine tena, lile lenye mustari. Uzi ukawa mustari, mustari ukawa doa, doa likala ua lote, mupaka akapata popi nyekundu yote. Akajaribu vile vile ku popi za aina nyingine, akifuata kivuli cha bluu kilichokuwa kama moshi, na alipata maua ya rangi ya moshi wa bluu. Bluu safi ya mbingu hakuifikia.

Ku majani pia aliweka mukono. Sisi tunaokula bukari tunajua jani la hindi ni kijani, na likiwa na manjano tunaogopa ugonjwa ao njaa ya udongo. Burbank aliuzisha mahindi ya pambo ambayo majani yake yalikuwa na mistari ya nyekundu, nyeupe, manjano, kijani na shaba, kila shina na mapambo yake. Kijani cha jani njo jiko la muti: pale ndani jua linageuzwa kuwa chakula. Pahali jani ni jeupe, jiko limezimika. Kwa hiyo muti wenye majani ya mistari mingi unakomea polepole, na usingetegemea ule kwa kujaza gunia. Yalikuwa mahindi ya macho, si ya tumbo. Kuna wanaosema kazi ya namna ile ni muchezo wa watajiri. Pengine. Lakini ule ule mukono wa kuchagua mustari mwekundu ku jani njo ulichagua pia pruni ya Santa Rosa ya mwaka 1906, ambayo watu wanakula mupaka leo. Kwa jumla alitoa aina zaidi ya 800 za mimea.

Sifa ikaja. Mwaka 1915 Edison wa taa za umeme na Ford wa mitokari walifika kumuangalia Santa Rosa. Wageni walikuwa wengi mupaka kazi ikakwama. Mbele ya pale, mwaka 1905, shirika la elimu lililoanzishwa kwa feza ya Carnegie, tajiri wa chuma, lilikuwa limeanza kumupa dola 10.000 kila mwaka, na likamutuma mwenye elimu mumoja, George Shull, aandike namna zake za kazi. Hapa njo pale uzaifu wake ulitoka wazi. Burbank hakuandika vizuri. Vikaratasi, michoro, alama za matunda yaliyokatwa na kugandamizwa ku kitabu, lakini baba na mama wa kila muche, mara nyingi hapana. Alibeba yote mu kichwa. Wenye elimu walisema: kazi isiyoandikwa haiwezi kurudiliwa na mwingine. Walikuwa na haki. Alikuwa na jicho, na jicho halirizishwi. Mwaka 1909 ile feza ikakatwa. Shull alirudia ku kazi yake mwenyewe juu ya mahindi, na ile kazi njo mwanzo wa mbegu za mahindi hybride ambazo walimaji wa Katanga pia wananunua leo.

Shida kubwa zaidi ilitoka ku kaktusi. Burbank alikuwa amefanya miaka mingi kutoa kaktusi isiyo na miiba, ili ngombe wa jangwani wapate chakula na maji mu mumea mumoja. Ilitangazwa mwaka 1907. Watu wa biashara wakasikia harufu ya feza. Kipande kimoja cha kaktusi kikauzwa, mununuzi akakikata na kuuzia wengine, bei ikapanda sawa bei ya kiwanja pahali wamesikia kuna shaba. Mwaka 1912 wafanya biashara wakaunda kampuni yenye jina lake, wakauza aksioni. Yeye alitoa jina na mimea. Usimamizi ulikuwa wao. Maombi yalipozidi mimea, inasemekana wauzaji walichukua kaktusi ya kawaida, wakachoma miiba kwa moto na kuisugua, wakaipeleka ku walimaji kama kaktusi ya Burbank. Miiba ikaota tena mu shamba la mulimaji. Hata ile ya kweli ilikuwa na kasoro: bila miiba kila munyama aliikula mpaka ku shina, ikaomba lupango, na mu jangwa kavu kabisa haikukomea vizuri. Nyuma ya miaka kidogo kampuni ilianguka. Walioweka feza waliipoteza, na hasira yao ilienda ku jina waliloliona ku karatasi.

Hapa sitamutetea sana. Mutu anayeuzisha jina lake anapaswa kuangalia linapandishwa wapi.

Alioa mara mbili, ndoa ya kwanza ikavunjika, na watoto hakuzaa. Alikufa Santa Rosa tarehe 11 Aprili 1926, akiwa na miaka 77, wakamuzika mu kiwanja chake, chini ya muti wa mwerezi wa Lebanoni aliouotesha yeye mwenyewe. California inashika siku yake ya kuzaliwa, tarehe 7 Machi, kama siku ya kupanda miti. Mwaka 1931 Frida Kahlo, muchoraji wa Mexico, alimuchora: nusu mutu, nusu muti, mizizi yake inaingia mu maiti chini ya udongo.

Sheria aliyoililia miaka mingi ilikuja tarehe 23 Mei 1930, miaka 4 nyuma ya kifo chake. Tangu pale, mu Marekani, mwenye kutoa muti mupya ao ua jipya anaweza kupewa breve na serikali, sawa mwenye mashine. Wakati wabunge walikuwa wakiizungumuza, jina la Burbank lilitajwa mara nyingi, na Edison aliiunga mukono. Mujane wake Elizabeth akapeleka mimea ya marehemu, na serikali ikamupa breve 16, za pruni, za maua na matunda mengine. Ku ile sheria kulikuwa neno moja la kutenga: mimea inayopandwa kwa viazi vyake vya chini ya udongo haiingii. Kwa hiyo hata kama Burbank angeishi mupaka ile siku, na hata kama kile kiazi chake cha Lunenburg kingekuwa kipya siku ile, asingeandikiwa karatasi.